Mdomo wa Pili

Kila programu ya kompyuta ina midomo miwili. Mdomo wa kwanza unatoa matokeo: hesabu uliyoomba, orodha ya majina, neno "tayari". Mdomo wa pili unatoa malalamiko: faili halipo, nafasi imejaa, sina ruhusa. Ukiiendesha programu mwenyewe kwa kuandika amri, midomo yote miwili inaongelea kwenye kioo kimoja, na wewe unadhani ni sauti moja. Lakini ukiandika skripti, yaani programu yako ndogo ambayo kazi yake ni kuzituma programu nyingine, hapo unatakiwa uamue jambo: huo mdomo wa pili anausikiliza nani?

Watu wengi hawaamui. Wanaacha tu, au wanauziba. Nataka kuandika juu ya jambo hili kwa sababu hapa kwetu Nyarugusu limegusa familia ninayoifahamu, na kwa sababu tangu nilielewe upande wa kompyuta, naliona kila mahali kambini.

Najua wasomaji wengine wa jarida hili hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Msiondoke. Nitaeleza taratibu kama ninavyowaeleza watoto wa kituo, na wale wanaojua wanisamehe.

Kwanza kazi yenyewe. Mimi ni mfanyakazi wa vijana. Nilizaliwa hapa hapa kambini, nikasoma hapa hadi sekondari, kwa masomo ya Kongo, kwa Kifaransa, ingawa nje ya dirisha la darasa ni mkoa wa Kigoma, Tanzania. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wazazi wetu waliovuka ziwa wakikimbia vita ya Kivu Kusini. Mimi Fizi siijui kwa macho. Naijua kwa sauti za wazee tu: mlima huu uko juu ya mto huu, hapa watu walivua ndagaa usiku kwa taa, hapa alizikwa fulani. Wazee wanaojua hayo wanapungua. Wengine wanafariki, wengine wamehamishiwa Marekani na kwingine, na kila familia inapopanda basi inaondoka na kipande cha ramani.

Ndiyo maana kundi letu la vijana lilianza kurekodi. Tunakwenda nyumba kwa nyumba na simu, tunakaa chini ya mti au kwenye baraza, mzee anaongea. Nyimbo, hadithi, majina ya ukoo, namna ya kuoa, namna ya kuzika. Tukirudi kituoni tunazihamishia zile sauti kwenye kompyuta, na kabla familia haijaondoka tunaipa memori kadi yenye sauti za watu wake. Sasa, simu tunazorekodia zinatoa mafaili ya aina tofauti tofauti, na wazee wengi wana simu za batani, ambazo uhakika wake ni MP3. Kwa hiyo lazima kila sauti igeuzwe kuwa MP3 kwanza. Kazi hiyo inafanywa na programu ya bure iitwayo ffmpeg, na kwa kuwa mafaili ni mengi, mtu aliyekuwa akijitolea hapa zamani alituachia skripti ya Python ya kuifanya moja kwa moja. Skripti ilifanya mambo manne: iite ffmpeg igeuze sauti, iite cp inakili MP3 kwenye kadi, ifute sauti ya asili ili nafasi isijae, iandike kwenye kioo "Imekamilika".

Tuliitumia muda mrefu. Kila siku ilisema imekamilika.

Kisha mama mmoja, jirani yetu wa zamani, alipiga simu kutoka Marekani. Alikuwa ameondoka na kadi yenye sauti sita za mama yake mzazi, bibi ambaye alifariki hapa na kuzikwa hapa. Alikuwa ameihifadhi ile kadi kwenye kitambaa safari nzima, na miezi mingi kule hakuigusa, kwa maana bado moyo ulikuwa unauma. Siku aliyojisikia tayari aliita watoto wake wakae, akaiweka kwenye simu. Akaniambia: "Mtoto wangu, hii kadi iko na majina, lakini sauti hakuna. Ata moja." Hakunigombeza. Aliuliza tu kama labda kuna kitufe ambacho hakukibonyeza.

Nilifungua kompyuta ya kituo. Mafaili yote sita yalikuwepo, na majina mazuri, tarehe, jina la bibi. Ukubwa wa kila moja: baiti 0. Na sauti za asili zilikuwa zimefutwa.

Ilinichukua jioni mbili kuelewa. Diski ya kompyuta ilikuwa imejaa siku ile. ffmpeg ilifungua faili jipya, ikashindwa kuandika ndani yake, ikalalamika kwa mdomo wake wa pili, ikatoka. Kisha skripti ikaita cp. cp ilikuta faili tupu, ikanakili faili tupu kwenye kadi, tena kwa mafanikio kamili, maana kunakili utupu siyo kosa. Kisha skripti ikafuta asili. Kisha ikasema "Imekamilika". Kila aliyekuja nyuma alifanya kazi yake vizuri juu ya kosa la aliyetangulia.

Je, lile lalamiko la ffmpeg lilienda wapi? Ndani ya skripti amri ilikuwa imeishia na maneno haya:

2>/dev/null

Hii ni alama fupi yenye maana kubwa. Kwenye Linux kila programu inapoanza inapewa njia tatu zenye namba. Namba 0 ni sikio, njia ya kupokea. Namba 1 ni mdomo wa kwanza, wa matokeo, unaoitwa stdout. Namba 2 ni mdomo wa pili, wa makosa, unaoitwa stderr. Na /dev/null ni shimo: chochote unachotupa humo kinapotea, hakijazi mahali, hakirudi. Kwa hiyo 2>/dev/null inasema: yote yatakayosemwa kwa mdomo wa pili, yatupe shimoni.

Simlaumu sana aliyeandika, na sababu yake naijua. ffmpeg ni msemaji mno. Hata mambo yakienda vizuri inatumia mdomo wa pili kutaja toleo lake, namna ilivyotengenezwa, aina ya sauti, dakika ngapi zimepita. Watoto wa kituo wakiona maneno mengi ya Kiingereza yanateremka kioo kizima wanaogopa, wanasema kompyuta imeharibika. Mtu anataka kioo safi. Anaziba. Na siku ile anaziba, hakuna kinachopotea. Kinapotea siku nyingine, kwa mtu mwingine.

Kwanza kwa nini kuna midomo miwili? Hii nayo ina hadithi. Mfumo wa Unix, ambao ndiyo babu wa Linux, ulitengenezwa Bell Labs huko Marekani kuanzia mwaka 1969. Mwanzoni matokeo na makosa yalipita njia moja. Waliokuwepo wanasimulia kwamba miaka ya 1970 walikuwa wakituma maandishi kwenye mashine ya kupanga chapa kwa picha, mashine yenye karatasi ya gharama, na mara nyingine walichopokea mwisho wa kazi kilikuwa karatasi nzuri, iliyopigwa chapa kwa umaridadi, yenye ujumbe wa kosa badala ya maandishi yao. Wakachoka. Wakaamua makosa yapewe njia yake, yamfikie mtu hata kama matokeo yanakwenda kwenye mashine. Angalia basi: mdomo wa pili uliumbwa ili malalamiko yasipotee ndani ya kazi. Sisi ndo tunautumia kuyapoteza.

Sasa nieleze tulivyotengeneza upya, kwa sababu huenda kuna kijana Nakivale au Kakuma au Dzaleka ana skripti ya namna hii.

Jambo la kwanza siyo maneno, ni namba. Kila programu inapotoka inaacha namba moja nyuma yake. Sifuri maana yake imefanikiwa; namba nyingine yoyote maana yake kuna tatizo. Skripti ya zamani haikuiangalia kabisa. Kanuni yetu mpya ni kwamba hakuna hatua ya pili kabla ya namba ya hatua ya kwanza kusomwa, na hakuna kufuta asili hadi mwisho kabisa.

Jambo la pili ni kuyakamata maneno. Ndani ya Python tunaandika hivi:

p = subprocess.run(amri, capture_output=True, text=True, errors="replace", stdin=subprocess.DEVNULL)

Baada ya hapo namba iko kwenye p.returncode, maneno ya mdomo wa kwanza yako kwenye p.stdout, na malalamiko yako kwenye p.stderr. Kioo kinabaki safi, watoto hawaogopi, lakini hakuna kilichotupwa. Hilo capture_output lipo tangu Python 3.7. Kwenye matoleo ya zamani unaandika stdout=subprocess.PIPE na stderr=subprocess.PIPE, matokeo ni yale yale. Kile kipande cha errors="replace" ni kwa sababu jina la faili likiwa na herufi isiyosomeka, Python isianguke wakati inasoma lalamiko la mwenzake.

Wengine wanaongeza check=True, ili Python yenyewe isimame kosa likitokea. Ni vizuri, ila fahamu kitu kimoja: ujumbe utakaouona utasema tu kwamba amri fulani imetoka na namba fulani. Sababu yenyewe haimo kwenye ujumbe huo. Imehifadhiwa ndani ya lile kosa, kwenye e.stderr, na lazima wewe uiombe itoke. Nimeona vijana wanatazama namba 1 saa nzima, wakati jibu liko mfukoni mwa kosa lenyewe.

Jambo la tatu ni lugha. Kijana mmoja wa kundi letu alitoa wazo: tutafute ndani ya malalamiko maneno ya Kiingereza, No space left, tukiyakuta tujue diski imejaa. Wazo lilifanya kazi kwenye kompyuta moja. Kwenye ya pili, ambayo imewekwa Kifaransa kwa sababu ndiyo lugha ya masomo yetu, cp ilisema Aucun espace disponible sur le périphérique, na skripti ikapita kama hakuna lililosemwa. Malalamiko ni yale yale, lugha siyo iliyotegemewa. Dawa ni mbili: uamuzi ufanywe kwa namba, siyo kwa maneno; na kama lazima usome maneno, iambie programu iseme lugha moja kwa kuweka LC_ALL=C kabla ya kuiita. Maneno ya asili lakini tunayatunza yote, maana mtu atakayeyasoma baadaye anaweza kuelewa kitu ambacho namba haikusema.

Jambo la nne lilitushangaza. Skripti mpya ilikwama. Haikusema kosa, haikumaliza, imekaa tu kama mtu aliyesahaulika kwenye foleni. Kumbe ffmpeg ikikuta faili lenye jina lile lile lipo tayari, inauliza: niandike juu yake, ndiyo au hapana? Na swali hilo inaliuliza kwa mdomo wa pili. Sisi tumeshaukamata mdomo ule na kuuweka mfukoni tuusome baadaye. Kwa hiyo yenyewe imeuliza, inangoja jibu. Sisi tunangoja imalize ndipo tusome swali. Ndiyo maana kwenye ile amri ya juu kuna stdin=subprocess.DEVNULL, ili isingoje jibu la mtu asiyekuwepo, na kwenye ffmpeg tunaongeza -nostdin na -n, maana yake usiulize na usiandike juu ya kilichopo.

Kuna kukwama kwingine ambako kunafanana na huko. Njia inayobeba maneno kutoka programu moja kwenda nyingine inaitwa bomba, na kama bomba lolote ina kiasi chake. Kwenye Linux, kwa kawaida, linabeba kilobaiti 64. Ukitumia Popen, ukaweka bomba kwenye mdomo wa pili, kisha ukaita wait() bila kusoma, bomba likijaa programu inasimama. Haiwezi kusema zaidi, na haiwezi kumaliza mpaka iseme. Wewe nawe husomi mpaka imalize. Watakaa hivyo hadi betri za sola ziishe. Tumia run, au communicate(), ambazo zinasoma huku programu inaendelea. Na kama unataka tu malalamiko yaende kwenye faili bila Python, andika 2>>makosa.txt mwisho wa amri. Ukitaka midomo yote miwili kwenye faili moja, mpangilio una maana: >yote.txt 2>&1 ni sahihi. Ukigeuza, 2>&1 >yote.txt, malalamiko yanabaki kwenye kioo, kwa sababu ulimwambia namba 2 amfuate namba 1 kabla namba 1 hajahama.

Jambo la tano ndilo lililonikalia moyoni. Siku moja tulijaribu kugeuza video ndefu kwenye kompyuta yetu dhaifu kuliko zote, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2. Tulikuwa tumeiambia ffmpeg iseme makosa tu. Daftari likaandika: namba -9, malalamiko hakuna. Mdomo wa pili ulikuwa mtupu kabisa. Kijana aliyekuwa zamu akasema, kama hakuna malalamiko basi hakuna kosa. Hapana. Namba ikiwa chini ya sifuri ndani ya Python maana yake programu haikutoka yenyewe, iliuawa. Tisa ni ishara ya kuua papo hapo, isiyompa anayeuawa nafasi ya kusema neno. Kumbukumbu ilikuwa imejaa, na Linux ikaiua programu ili kompyuta nzima isianguke. Ile -9 peke yake ndiyo ushahidi kwamba kuna aliyekuwepo.

Niliwaeleza vijana hilo, kukawa kimya kidogo. Sikuhitaji kusema zaidi. Wote tuna watu ambao habari yao tunayo ni kwamba hawakuvuka.

Na kinyume chake kipo pia: programu isiyopatikana kabisa. Kwenye kompyuta moja ffmpeg haikuwa imewekwa. Hapo p.stderr haipo hata ya kusoma, kwa sababu hakuna aliyeanza kuongea. Python yenyewe inapiga kelele FileNotFoundError, na lazima uidake kwa except. Kwa hiyo kuna aina tatu za ukimya kwenye mdomo wa pili: ukimya wa mambo kwenda vizuri, ukimya wa aliyeuawa, na ukimya wa asiyekuwepo. Ukisikiliza maneno tu, utazichanganya.

Mwisho tukaongeza ukaguzi, maana hata sifuri haitoshi, si mmeona cp na faili tupu. Baada ya kila hatua skripti inapima urefu wa sauti iliyotoka na kuulinganisha na wa asili. Dakika 14 ziingie, dakika 14 zitoke. Kisha tu asili inahamishiwa kwenye diski ya nje, haifutwi.

Sasa nije kwenye upande wa pili, na hapa naongea na ndugu zetu wa mashirika ambao najua wanasoma jarida hili.

Niliwahi kuwa mkalimani wa siku tatu kwenye utafiti baada ya mgao wa taa za sola. Shirika silitaji, na kijana aliyekuwa anauliza maswali alikuwa mtu mwema. Fomu ilikuwa kwenye tableti. Swali: Je, umepokea taa? Ndiyo au Hapana. Mama mmoja akajibu, "Ndiyo, lakini haiwaki." Kijana akatafuta mahali pa kuandika "lakini". Hapakuwepo. Akabonyeza Ndiyo, maana ni kweli alipokea. Nyumba iliyofuata, "Ndiyo, lakini tuko familia mbili." Ndiyo. Nyingine, "Ndiyo, lakini niliiuza, mtoto alikuwa mgonjwa." Ndiyo. Alikuwa na nyumba nyingi za kumaliza kabla ya gari kuondoka, na jua lilikuwa linashuka. Sidhani kama kuna mtu aliyekusudia ubaya. Lakini zile "lakini" zote zilikuwa mdomo wa pili, na fomu iliandikwa 2>/dev/null.

Na ripoti iliyotoka pale ilipokelewa na ofisi nyingine, ikanakiliwa vizuri, ikapelekwa mbele. Kama cp.

Nisiseme ni wafadhili tu. Na sisi wenyewe tunajiziba. Mgeni akija, tunakaa kwenye viti vya plastiki, kiongozi wa kijiji anasimama na kusema tunashukuru sana, mambo yanaendelea vizuri. Watu wanapiga makofi. Kisha jioni, kwenye foleni ya ndoo, ndo utasikia habari yenyewe. Kambi hii ina mdomo wake wa kwanza kwenye mikutano na mdomo wake wa pili bombani. Tunaogopa kwamba tukilalamika tutaonekana hatuna shukrani, au jina litaandikwa mahali. Hofu hiyo ina sababu zake na siwezi kumwambia mtu aiache. Ila matokeo yake ni kwamba anayetoa msaada anaona kioo safi.

Najua pia jibu la upande wa pili: malalamiko ni mengi mno, mengine siyo malalamiko, ni maneno tu. Ni kweli. ffmpeg nayo iko hivyo. Hatukuiziba tena, na pia hatusomi kila neno lake. Tunahifadhi yote, na inaposhindwa tunasoma mistari ya mwisho, kwa sababu mara nyingi sababu iko pale chini. Kuhifadhi ni rahisi. Nafasi ambayo malalamiko ya mwezi mzima yanachukua kwenye diski ni ndogo kuliko wimbo mmoja.

Lakini kuhifadhi bila msomaji nako ni shimo lingine, lina kufuli tu. Kisanduku cha maoni ambacho ufunguo wake hakuna anayejua uko kwa nani, mimi nakiita /dev/null ya mbao. Kwa hiyo kituoni kwetu tuliweka zamu. Kila jioni kijana mmoja, jina lake limeandikwa ukutani, anafungua faili la makosa, anasoma, na kuandika kwenye daftari la karatasi kwa Kiswahili: nini kilishindwa, kwa nini, nani atarudia. Wengine wana miaka 15. Mwanzoni waliona ni adhabu. Sasa wanashindana nani ataelewa kosa gumu, na kwa njia hiyo wamejifunza kompyuta kuliko walivyojifunza kwenye somo langu.

Kama ningeombwa ushauri na anayetengeneza fomu, ningesema matatu tu. Weka mahali pa "lakini", paandikwe kwa maneno ya mtu mwenyewe na kwa lugha yake, hata kama hujui utayahesabu vipi. Mtaje kwa jina atakayeyasoma, na siku gani. Na wahesabu waliokaa kimya: yule ambaye hakuja kwenye mgao, yule ambaye kadi yake haikusomwa, nyumba ambayo mlango ulikuwa umefungwa. Usiwaandike kama walioridhika.

Yule mama wa Marekani nilimwambia ukweli, kwamba kitufe kipo sawa na kadi ilikuwa tupu tangu hapa. Alinyamaza, akauliza kama bado zipo kwetu. Sauti nne tulizipata kwenye simu ya kijana aliyerekodi, alikuwa hajazifuta. Mbili hazikupatikana. Moja ilikuwa wimbo, na nyingine bibi alikuwa anataja ukoo, jina baada ya jina, hadi mtu wa kwanza aliyehamia kwenye ule mlima. Wiki mbili baadaye mama alitutumia sauti yake mwenyewe kwa WhatsApp, anataja majina anayoyakumbuka. Mahali pengine anasimama, anasema, "hapa kuna mmoja, namusahau," halafu anaendelea. Hatukukata pale aliposimama. Daftari la siku ile linasema: namba 0, dakika 11 zimeingia, dakika 11 zimetoka.

Skripti yenyewe iko kituoni, mistari kama 90, yenye maelezo kwa Kiswahili. Njoo na flashi yako, ni bure. Ukiikuta na kosa, usiirekebishe kimya kimya ukaondoka. Daftari liko mezani karibu na dirisha, na kalamu imefungwa kwa kamba.